Mtumishi wa umma akivunja haki za raia, nani hulipa fidia?

MTWARA

JUNI 2025, Mahakama Kuu mjini Mtwara iliwahukumu kunyongwa hadi kufa maofisa wawili wa polisi kwa mauaji ya mfanyabiashara wa madini, yaliyotokea Januari 2022. Hukumu hiyo ilimaliza swali la jinai katika mahakama hiyo. Swali la fidia ni jingine: mtumishi wa umma anapomdhuru raia, mlipaji ni yeye au Serikali?

Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali ya mwaka 1967, ambayo sasa ni Sura ya 5, inaibebesha Serikali dhamana ya makosa ya watumishi wake, kama mwajiri mwingine yeyote. Fedha hutoka Hazina, yaani kwa mlipakodi. Sharti ni kwamba mtumishi awe alitenda kosa akiwa katika kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Hapo ndipo mabishano huanzia. Askari anayempiga mvuvi wa Msimbati katika msako wa uvuvi haramu yumo kazini, ingawa amevuka mipaka. Akimpiga jirani kwa ugomvi wa shamba, deni ni lake peke yake. Je, askari anayetumia sare na kituo kupora na kuua? Mawakili wa Serikali wanaweza kudai kuwa huyo alifuata tamaa yake, si amri ya mwajiri. Hivyo, kosa linavyozidi kuwa baya, ndivyo Serikali inavyopata mwanya wa kujivua, na familia hubaki ikimdai mtu aliye gerezani asiye na kitu.

Mdai anatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku zisizopungua 90 kwa waziri, idara au ofisa anayehusika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Zamani ilikuwa vigumu zaidi. Ilibidi Serikali yenyewe iridhie kushitakiwa, sawa na kumwomba mdaiwa ruhusa ya kumdai! Mwaka 1993, Mahakama ya Rufani katika shauri la Kukutia Ole Pumbun ilitamka kuwa masharti hayo yanakiuka Katiba, na mwaka uliofuata Bunge likaweka notisi badala yake.

Marekebisho ya mwaka 2020 yaliziingiza pia halmashauri katika utaratibu huo. Anayeishitaki halmashauri ya Tandahimba au Newala sharti amuunganishe Mwanasheria Mkuu, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Kwa mkazi wa vijijini, hiyo ni safari ya Mtwara mjini, na mara nyingi gharama ya wakili.

Akishinda, hawezi kumtuma dalali wa mahakama kukamata gari la Serikali, kwani sheria inakataza. Hupewa hati ya mahakama inayotaja kiasi anachodai, huiwasilisha serikalini, kisha husubiri ofisa masuhuli aidhinishe malipo.