Skrini Ikidanganya, Mwanafunzi Amwamini Nani?

Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Msemo huu hunijia kila nionapo shehena ya tarakilishi ikishushwa kutoka kwenye lori katika mojawapo ya shule zetu za kaskazini. Lori huwa limesafiri usiku na mchana, limepita Garissa, likapita Wajir, kisha likapambana na vumbi na makorongo hadi kufika hapa Bute. Walimu hushangilia, wanafunzi hukimbilia kubeba masanduku, wazee wa bodi hutoa shukrani, na picha hupigwa. Katika shangwe hiyo yote, ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali moja jepesi: je, vyombo hivi vilivyotoka mikono mbalimbali vinaelewana?

Leo nataka kulijadili swali hilo kwa kutumia jambo ambalo huenda msomaji akaliona dogo, yaani umbo la picha pale tarakilishi mpya inapounganishwa na skrini pana. Jambo lenyewe ni la kifundi, lakini madhara yake huangukia darasani. Ndiyo sababu nimeona lafaa kuzungumzwa na walimu na wanafunzi, lisiachiwe mafundi peke yao.

Nitoe mfano nilioushuhudia mwenyewe. Shule moja ya upande huu, ambayo jina lake nitalihifadhi, ilipata skrini pana kwa hisani ya mfadhili. Upana wa skrini hiyo ulizidi mara mbili ya kimo chake, na ilikuwa imetumika ofisini kabla ya kutolewa msaada. Tarakilishi iliyokusudiwa kuiendesha ilikuwa mpya, kipakatalishi chembamba kisichokuwa na tundu la waya wa zamani. Ikabidi viwili hivyo viunganishwe kwa adapta iliyonunuliwa kwa bei nafuu. Umeme wa jua ulipowashwa, picha ilitokea, ikajaza skrini yote kutoka ukingo hadi ukingo. Kila mtu akaridhika.

Mwalimu wa hisabati akaanza somo la duara mbele ya kidato cha tatu, nami nikiwa nimeketi nyuma ya chumba. Alikwisha kueleza kwamba kipenyo cha duara ni kilekile popote kinapopimwa, ndipo msichana mmoja akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu," alisema, "mbona hilo la kwenye skrini ni pana kuliko lilivyo refu?" Wenzake waliangua kicheko. Mwalimu, kwa busara yake, alimwita mbele akampa rula. Kwa wima, umbo lile lilikuwa na sentimita 15. Kwa mlalo lilikuwa na sentimita 20. Kicheko kikakoma. Mbele ya darasa palikuwa na duaradufu, au tuseme yai, ilhali kitabu na mwalimu walisema ni duara.

Je, chanzo chake ni nini? Picha ya skrini imeundwa kwa nukta ndogo mno ziitwazo pikseli, zilizopangwa safu kwa safu. Skrini ya kawaida ya siku hizi ina pikseli 1920 kwa mlalo na 1080 kwa wima. Skrini pana kama ile niliyoitaja ina 2560 kwa 1080, na zilizo kubwa zaidi zina 3440 kwa 1440. Kipimo hicho mafundi hukiita rezolusheni. Pikseli za skrini zimetiwa kiwandani. Haziongezeki wala hazipungui. Sasa, tarakilishi ikituma picha ya 1920 kwa 1080, na skrini ya 2560 kwa 1080 ikaamriwa ijaze nafasi yote, haina budi kuivuta picha hiyo kwa mlalo. Gawanya 2560 kwa 1920 nawe utapata moja na theluthi moja. Ndiyo maana sentimita 15 zikawa 20. Tena, kwa kuwa pikseli moja ya picha hulazimishwa kuenea juu ya pikseli moja na theluthi ya kioo, herufi huingia ukungu na macho ya msomaji huchoka upesi.

Lakini kwa nini tarakilishi mpya itume picha isiyolingana na skrini? Jibu ni kwamba vyombo hivi viwili huzungumza kabla ya picha kutokea. Mnamo mwaka 1994, chama cha watengenezaji kiitwacho VESA kiliweka utaratibu unaojulikana kama EDID. Kwa utaratibu huo, skrini hubeba kumbukumbu ndogo, baiti 128 katika umbo lake la msingi, inayotaja vipimo inavyovikubali. Waya unapochomekwa, tarakilishi huisoma kumbukumbu hiyo kama mgeni asomavyo kibao cha mlangoni. Kumbukumbu isipofika, au ikifika imeharibika kwa sababu ya waya mbovu au adapta hafifu, tarakilishi hukisia. Aghalabu hukimbilia kipimo kilichozoeleka, kama vile 1024 kwa 768 au 1920 kwa 1080, kikafaa au kisifae.

Hata maelezo yakifika salama, njia yenyewe yaweza kuwa nyembamba. Waya wa VGA, uliobuniwa na IBM mwaka 1987, uliwatumikia walimu kwa miaka mingi. Mwaka 2010 kampuni za Intel na AMD pamoja na watengenezaji wengine zilitangaza nia ya kuuacha hatua kwa hatua, na vipakatalishi vingi vipya havina tundu lake. HDMI, iliyoanza mwaka 2002, ina matoleo kadhaa. Matoleo yake ya kwanza hayakuweza kupitisha picha ya 3440 kwa 1440 mara 60 kwa sekunde, ilhali toleo la 2.0 la mwaka 2013 huipitisha bila taabu. Kwa macho matundu hayo ni mamoja, na mnunuzi asiyeuliza hatajua tofauti mpaka afike darasani.

Wala tusidhani kwamba maradhi haya ni ya maskini. Kampuni ya Apple ilipoanza kuuza tarakilishi zenye chipu yake ya M1 mwezi wa Novemba 2020, baadhi ya wateja wenye skrini pana walikuta orodha ya vipimo vya picha haina kile kinachowafaa. Tarakilishi hizo, ili herufi zitokee laini, huweza kuchora picha maradufu kwa mlalo na kwa wima, kisha huipunguza iingie katika skrini. Kipimo kifaacho kisipokuwamo kwenye orodha, mwenye chombo hubaki kuchagua kati ya herufi ndogo mno na herufi kubwa zenye ukungu. Ikiwa mtu wa London au Chicago mwenye duka la vifaa mtaa wa pili hutatizika, sembuse mwalimu wa Bute?

Madhara ya picha iliyovutwa hayaishii kwenye duara. Mraba hugeuka mstatili. Mstari uliochorwa kwa pembe ya digrii 45 huonekana kuwa na takriban digrii 37, na mwanafunzi atakayeupima kwa uangalifu atapata jibu la uongo kwa njia iliyo sahihi. Katika jiografia hali ni hiyo hiyo. Kutoka hapa kwetu Bute, Garissa iko upande wa kusini na Mandera iko upande wa mashariki. Katika ramani iliyovutwa kwa mlalo, safari ya Garissa hubaki na urefu wake, ilhali ile ya Mandera huongezewa kama theluthi moja. Skeli iliyochorwa chini ya ramani huwa haifai tena kwa pande zote. Projekta za zamani, ambazo umbo lake ni nne kwa tatu, hufanya kinyume. Picha pana ikibanwa humo, upana wake hupungua kwa robo, na duara huwa yai lililosimama.

Nasikia mtu akisema kwamba mwanafunzi wa sekondari anajua duara ni nini, na kwamba shule zinazolia maji na madawati hazina haja ya kujadili pikseli. Hoja hiyo ina uzito, nami sitaipuuza. Hata hivyo, lazima tukumbuke kwa nini sehemu hii ya nchi imeitegemea skrini kiasi hiki. Mwezi wa Novemba 2014, watu 28 waliuawa katika basi lililokuwa likitoka Mandera, na miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakienda likizo. Mwezi wa Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe katika kaunti ya Garissa, na tume ya walimu, TSC, ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Kaskazini Mashariki. Shule zikabaki na madarasa yaliyojaa wanafunzi na meza za walimu zilizo tupu. Pengo hilo ndilo tuliloambiwa kwamba vifaa vya elektroniki vitasaidia kuliziba.

Mahali penye walimu wa kutosha, skrini ni kifaa kimoja kati ya vingi. Mwalimu huchora ubaoni, hurekebisha, huonyesha kitabu. Mahali ambapo mwalimu mmoja anafundisha masomo matatu, na pengine amelazimika kuliacha darasa na somo lililorekodiwa, skrini inakuwa mwalimu wa pili. Mwalimu wa pili akionyesha yai akasema ni duara, mtoto hana wa kumuuliza. Atakariri yale aliyoyasikia na kuyadharau yale aliyoyaona, au atayaamini macho yake na kukitilia kitabu shaka. Yote mawili ni hasara, na ya kwanza ndiyo kubwa zaidi, kwa maana humzoesha mwanafunzi kwamba shuleni si mahali pa kupima mambo.

Taifa hili limekwisha kutumia fedha nyingi katika jambo hili. Mwaka 2013 serikali iliahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza, na kuanzia mwaka 2016 shule za msingi zikaanza kupokea vishikwambi vya wanafunzi, vipakatalishi vya walimu na projekta. Ulikuwa mpango mkubwa, na sitaki kuubeza. Lakini tangu hapo shule nyingi zimeongezewa vifaa na wahisani, makampuni na wazazi, kila mmoja akileta alichonacho. Matokeo yake ni chumba ambamo projekta ni ya zamani, skrini ni ya ofisi fulani, tarakilishi ni mpya na waya ni wa duka la karibu. Hakuna aliyeandika popote kipi kinapatana na kipi.

Sasa tufanyeje? Kwa walimu wenzangu, nina mapendekezo manne ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kila skrini inapounganishwa na tarakilishi nyingine, chora duara na mraba, kisha uvipime kwa rula kwa wima na kwa mlalo. Kazi hiyo haimalizi dakika mbili. Pili, vipimo visipolingana, fungua mipangilio ya picha ya tarakilishi, uchague kipimo kilicho sawa na pikseli za skrini yenyewe, ambazo huandikwa katika kijitabu chake. Tatu, kipimo hicho kisipokuwamo, badilisha waya au adapta kwanza kabla ya kuilaumu skrini, na inapowezekana pata masahihisho mapya ya programu inayoendesha picha. Ikishindikana, ingia katika menyu ya skrini yenyewe uiamuru ihifadhi umbo la picha. Pembeni patabaki weusi, lakini ni afadhali weusi pembeni kuliko uongo katikati. Nne, herufi zikiwa ndogo, ongeza ukubwa wake hadi asilimia 125 au 150 katika mipangilio hiyo hiyo, wala usipunguze rezolusheni, kwa kuwa kufanya hivyo ndiko kunakoleta ukungu.

Kwa bodi za shule, serikali za kaunti na wahisani, ombi langu ni fupi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kifaa kinachopokewa kiandikwe rezolusheni yake, aina ya matundu yake na toleo la waya unaokifaa. Tena katika makubaliano ya ununuzi, muuzaji asilipwe mpaka awe ameviunganisha vyote mbele ya mwalimu atakayevitumia, na duara likaonekana duara. Mafunzo ya walimu nayo yasiishie katika kuwasha na kuzima. Mwalimu aelezwe picha inatokeaje, ili siku fundi asipopatikana, na fundi wetu aghalabu yuko mji mwingine, asibaki mikono mitupu.

Nanyi wanafunzi, msiione hadhi ya chombo mkanyamaza. Kitu kikiwa kipya, kikiwa kimetoka ng'ambo, kikiwa kimezinduliwa kwa hotuba, bado kinaweza kukosea, na kukipima si utovu wa adabu. Omba ruhusa kwa heshima, simama, pima, andika ulichokipata, kisha uliza. Mwalimu anayefahamu kazi yake atafurahi, na usipojibiwa siku hiyo, swali lako litabaki daftarini likisubiri mtu wa kulijibu. Rula ni shilingi chache tu katika duka lolote la Bute.