Simu Isiyotaka Kukatika

Kwenye simu ya intaneti, sauti hupita njia yake na amri hupita njia nyingine. Hilo ndilo jambo la kwanza kulijua pale simu ya ofisi inapogoma kukatika: mmeshaagana, mkonga umerudishwa mahali pake, lakini upande mmoja kioo kinaendelea kuhesabu dakika, na bili nayo inapanda. Wenye ofisi husisitiza kwamba walikuwa wanasikizana vizuri kabisa. Ni kweli, ila kusikizana hakuthibitishi kwamba amri ya kukata ilifika.

Simu nyingi za aina hii hutumia itifaki ya SIP, ambayo msingi wake wa sasa ulitolewa mwaka 2002. Anayekata hutuma ujumbe mfupi uitwao BYE, na upande wa pili lazima ujibu kwamba umeupata. Jibu lisiporudi, ujumbe hutumwa tena na tena, kwa kawaida hadi zipite sekunde 32, kisha mtumaji huachana nao. Yeye kamaliza, mwenzake hana habari.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, tafuta nani alikata. Piga simu kutoka ofisini, aliye nje akate. Piga tena, safari hii akate wa ofisini. Ikiwa simu inagoma pale tu aliye nje anapokata, basi BYE inashindwa kuingia, na wa kwanza kushukiwa ni ruta. Kisha linganisha simu ya sekunde kumi na ya dakika tano. Jaribio hili mafundi wengi hulisahau, nalo ndilo linalofichua mengi.

Simu fupi ikikatika vizuri na ndefu ikagoma, sababu karibu kila mara ni hii: ruta hufungua njia ya muda kila kifaa kinapotuma kitu nje, na huifunga isipotumika. Sauti inapita mfululizo, kwa hiyo njia yake hubaki wazi. Njia ya amri, kwa kawaida poti 5060, hukaa kimya muda wote mnaoongea, na baadhi ya ruta huifunga baada ya sekunde 30 tu. BYE inakuja na kukuta pamefungwa. Weka simu itume pakiti ndogo kila sekunde 20 hivi ili njia isifungwe.

Hata simu fupi zikigoma, nasa mawasiliano kwa programu kama sngrep au Wireshark, usome mstari wa Contact. Ukikuta anwani inayoanza na 192.168, simu imejitambulisha kwa anwani ya ndani, ambayo seva iliyo nje haiwezi kuifikia. Zima pia SIP ALG kwenye ruta. Iliwekwa ili irekebishe anwani hizo, lakini mara nyingi huzivuruga, nami siioni faida yake.

Ofisi zenye laini za zamani za waya wa shaba zina shida tofauti. Huko hakuna BYE. Kifaa cha kuziunganisha na simu za intaneti hutegemea mabadiliko ya umeme kwenye laini au mlio wa kukatika. Kikiachwa kwenye mpangilio wa Marekani, husubiri mlio wa hezi 480 na 620 kwa pamoja, wakati nchi nyingi hutumia mlio mmoja wa karibu hezi 425. Kitasubiri hadi kesho.

Vyovyote iwavyo, washa kipima muda cha SIP, kilichoongezwa mwaka 2005: upande mmoja huuliza mwingine kila baada ya muda kama simu bado ipo, na kikomo kinachopendekezwa ni sekunde 1800. Seva nyingi zinaweza pia kukata simu pale sauti inapokosekana kabisa. Usiweke muda mfupi mno hapo, maana simu nyingine hazitumi sauti mtu anaponyamaza, na utamkatia mteja anayekusikiliza.

Ukishindwa, mpe mtoa huduma saa kamili ya simu husika, aliyekata, na faili ulilonasa. Akiwa nayo, ataona BYE ilikomea wapi.