Kupanga Orodha za Amri za Kompyuta

Mkulima aliyeteremsha ndizi kutoka milima ya Uluguru akisha kuziuza, huweza kusimama kando ya barabara ya Iringa, karibu na Mzumbe, akabonyeza *150*00# ili atume ada ya mwanawe. Kioo cha simu humjibu kwa orodha ya amri zenye tarakimu. Kazi yenyewe haifanywi na simu ile ndogo, bali na kompyuta iliyo mbali. Huduma hiyo ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008.

Ukurasa mmoja wa mazungumzo hayo hauzidi herufi 182. Kwa hiyo mpangaji hana budi kuzigawa amri katika ngazi. Tuseme amri ni 64. Zikigawanywa mbilimbili, mtumiaji atapita ngazi sita. Zikigawanywa nanenane, ngazi mbili zatosha, maana 8 × 8 ni 64. Mwaka 1981 mtafiti Dwight Miller alilinganisha mipango ya namna hii kwa maneno 64, akaona kuwa ule wa nane kwa nane ndio uliowafikisha watu upesi zaidi.

Hata hivyo, hesabu peke yake haitoshi. "Tuma pesa" ni jina linalojieleza. "Huduma nyinginezo" ni kapu lililofunikwa, na pengine ndilo jina baya kuliko yote. Tena tarakimu iliyozoeleka isihamishwe ovyo. Vidole hukumbuka kabla ya macho kusoma, na mwenye haraka ataibonyeza 1 ya jana hata kama leo ina kazi nyingine. Naye anayesitasita sana hukatiwa mazungumzo, akalazimika kuanza upya.

Mahali pa hatari zaidi ni mwisho wa safari. Kabla ya namba ya siri, ukurasa uonyeshe jina la mpokeaji na kiasi cha fedha, kwani ada iliyokwenda kwa mtu mwingine hairudi kwa kubonyeza sifuri.

Jaribio hili lafaa darasani bila kompyuta yoyote. Wanafunzi waandike majina 64 ya bidhaa za sokoni, wayapange kwa ngazi, kisha wenzao watafute bidhaa moja huku mwalimu akihesabu sekunde. Punde watabishana kama nyanya ni tunda au mboga.