Nani Hubeba Gharama ya Dereva Kijana? Ufafanuzi wa Ukokotoaji wa Ada ya Bima ya Magari na Hali Ilivyo Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanafafanua sababu zinazoifanya bima ya gari ya dereva kijana kuwa ghali, na yanachunguza mahali gharama hiyo inapotua katika mifumo mitatu: unaomtoza kijana tangu mwanzo, unaoigawa gharama kwa madereva wote, na unaomdai baada ya ajali. Hoja inayotetewa ni kwamba gharama hiyo haiondolewi na kanuni yoyote ya bei, huhamishwa tu. Kwa upande wa Tanzania, inaoneshwa kuwa ada inayofanana kwa watu wote huficha mzigo ambao kijana huutambua baada ya kupata ajali, na kwamba lugha ya mkataba inachangia kuuficha.

1. Utangulizi

Mijadala kuhusu bima ya magari kwa vijana mara nyingi huanzia na kuishia kwenye ada, yaani fedha anayolipa mwenye gari ili apewe bima kwa kipindi fulani. Kwa kipimo hicho, kijana wa London anaonekana kuonewa na kijana wa Dar es Salaam anaonekana kupendelewa. Wa kwanza anaweza kutakiwa ada inayozidi thamani ya gari kuukuu analoliendesha. Wa pili hulipa sawa na mzee aliyeendesha kwa miaka thelathini bila ajali.

Ulinganisho huo haujakamilika. Ada ni sehemu moja tu ya gharama ya bima. Sehemu ya pili, ambayo makala haya yanaiita mchango wa hasara, ni kiasi ambacho mwenye bima hujilipia mwenyewe kila inapotokea ajali kabla kampuni haijatoa fidia. Sehemu ya tatu ni hasara zisizofidiwa kabisa. Anayetaka kujua bima inamgharimu kijana kiasi gani hana budi kuzijumlisha zote tatu.

2. Kwa nini dereva kijana ni ghali

Wataalamu wa takwimu bima hukadiria ada kwa kuzidisha mambo mawili: uwezekano wa ajali kutokea na ukubwa wa hasara inapotokea. Kwa vijana, yote mawili huwa juu. Shirika la Afya Duniani limebainisha kuwa majeraha ya ajali za barabarani ndiyo chanzo kikuu cha vifo vya watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, na kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kutokana na ajali hizo. Si wote kati yao waliokuwa madereva. Wengi ni watembea kwa miguu, abiria na waendesha pikipiki. Hata hivyo, takwimu hizo zinaonesha uzito wa suala hili kwa rika la vijana.

Ni muhimu kutenganisha umri na uzoefu. Umri unahusiana na mwelekeo wa kujaribu hatari, hasa usiku na pale gari linapobeba marafiki wa rika moja. Uzoefu unahusiana na ujuzi wa kutambua hatari mapema: mtoto aliyesimama ukingoni mwa barabara, au daladala inayokaribia kusimama ghafla. Hatari inayotokana na kukosa uzoefu huwa kubwa zaidi katika miezi ya mwanzo ya kuendesha peke yako, kisha hupungua kwa kasi. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini kwa upande wa barabara kauli hiyo inahitaji tahadhari: mtu wa miaka 45 aliyepata leseni mwezi uliopita ameishi kwingi, ila barabarani bado hajaona mengi.

3. Hesabu ya mfuko wa pamoja

Mfano ufuatao ni wa kubuni na umerahisishwa kwa ajili ya ufafanuzi. Tuchukue mfuko wa madereva 1,000: wazoefu 800 na vijana 200. Tuseme katika kila wazoefu 100, watano hupata ajali kwa mwaka, na katika kila vijana 100, kumi hupata ajali. Tuseme pia kila ajali inagharimu Sh. 2,000,000. Gharama inayotarajiwa kwa kila mzoefu ni Sh. 100,000 na kwa kila kijana ni Sh. 200,000. Wote wakitozwa ada moja, kila mmoja atalipa Sh. 120,000: mzoefu ataongeza Sh. 20,000 na kijana atapunguziwa Sh. 80,000.

Ada hiyo moja inaweza kutetewa kwa misingi ya haki, kwani kila mzoefu aliwahi kuwa mgeni barabarani. Tatizo lake ni ushindani. Kampuni nyingine ikiwaita wazoefu peke yao kwa Sh. 105,000, watahama. Mfuko wa kwanza utabaki na vijana 200 wanaolipa Sh. 120,000 kila mmoja huku wakigharimu Sh. 200,000, na utapungukiwa na Sh. 16,000,000. Kampuni haitakuwa na njia ila kupandisha ada ya vijana. Hivyo basi, pale soko linapokuwa huru, kumbagua dereva kwa umri hakutokani na chuki dhidi ya vijana, bali na ukweli kwamba kampuni isiyobagua itanyang'anywa wateja wake wa gharama nafuu. Ada moja kwa wote hudumu pale tu ambapo sheria inazibana kampuni zote kwa pamoja.

4. Mifumo miwili kutoka nje

Uingereza ni mfano wa mfumo wa kwanza. Bima ya kuwalinda watu wengine dhidi ya madhara ya gari ilifanywa kuwa ya lazima na Sheria ya Barabarani ya mwaka 1930, lakini kampuni hujipangia bei. Kijana anaruhusiwa kuendesha gari akiwa na miaka 17, na hulipa ada inayolingana na hatari ya kundi lake. Matokeo yake ni ya aina mbili. Kwanza, baadhi ya wazazi hujiandikisha kuwa madereva wakuu wa magari ambayo kwa kweli huendeshwa na watoto wao, jambo linalohesabiwa kuwa udanganyifu na linaloweza kubatilisha bima. Pili, zimeenea bima za telematiki, ambapo kisanduku kilichofungwa garini, au programu ya simu, hurekodi mwendokasi, namna ya kufunga breki na saa za safari. Kijana hupimwa kwa mwenendo wake, walau kwa kiasi fulani, badala ya tarehe yake ya kuzaliwa. Hata hivyo, gharama anayolipia sasa ni faragha yake.

Sheria pia imewahi kuingilia vigezo vyenyewe. Tarehe 1 Machi 2011, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika shauri la Test-Achats kwamba jinsia isitumike kutofautisha ada, na uamuzi huo ukaanza kutekelezwa tarehe 21 Desemba 2012. Kabla ya hapo wasichana walikuwa wakilipa kidogo kuliko wavulana wa umri wao. Umri haukuguswa.

Mfumo wa pili unaonekana katika baadhi ya majimbo ya Marekani. Hawaii inakataza ada kupangwa kwa umri, jinsia au hata urefu wa uzoefu wa kuendesha. Massachusetts haimpandishii kijana ada kwa sababu ya umri, lakini inaruhusu miaka ya leseni izingatiwe. California, tangu kura ya wananchi ya mwaka 1988 iliyojulikana kama Pendekezo 103, imetanguliza rekodi ya dereva, umbali anaoendesha kwa mwaka na miaka ya uzoefu. Katika majimbo haya, sehemu ya gharama ya kijana hubebwa na madereva wengine, waziwazi na kwa amri ya sheria.

5. Hali ilivyo Tanzania

Bima ya magari nchini husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, maarufu kama TIRA, chini ya Sheria ya Bima Na. 10 ya mwaka 2009. Wenye magari huigawa katika aina mbili: bima ndogo, inayofidia wahusika wa tatu peke yao, na bima kubwa, inayofidia pia gari la mwenye bima. Kwa gari dogo la binafsi, bima ndogo iliyozoeleka ya Sh. 118,000 ni ada ya Sh. 100,000 pamoja na asilimia 18 ya Kodi ya Ongezeko la Thamani. Bima kubwa hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, na kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.5. Gari la Sh. 20,000,000 hulipiwa Sh. 700,000, na kodi ikiongezwa jumla inakuwa Sh. 826,000.

Katika ukokotoaji huo kinachopimwa ni gari, dereva hayumo. Mwenye miaka 50 na mwenye miaka 22 hulipa sawa. Katika bima ndogo, jambo hili linafanana na mfumo wa Hawaii: gharama ya kijana imegawanywa kwa wote. Katika bima kubwa, hali ni tofauti. Mikataba kadhaa ya bima kubwa, nchini Tanzania na Kenya, ina kipengele kinachoongeza mchango wa hasara pale gari linapokuwa limeendeshwa na mtu aliye chini ya umri uliotajwa, au mwenye leseni changa. Umri na muda huo hutofautiana baina ya kampuni na kampuni.

Tuseme, kwa mfano tu, kuwa mchango wa kawaida ni asilimia 10 ya dai na kwamba kijana huongezewa asilimia 10 nyingine. Gari likiharibika na matengenezo yakagharimu Sh. 4,000,000, dereva mzoefu atajilipia Sh. 400,000, ilhali kijana atajilipia Sh. 800,000. Kiasi hicho kinakaribia ada ya mwaka mzima. Kijana aliyedhani amelipa sawa na wenzake hukuta kwamba sehemu ya ada yake ilikuwa ikimsubiri gereji.

Mfumo huu wa tatu una utetezi wake. Kijana asiyepata ajali halipi zaidi, na anayepata hulipa. Lakini bima ilianzishwa ili pigo la ghafla ligeuzwe kuwa malipo madogo yanayojulikana mapema. Mchango mkubwa unaomwangukia mtu mwenye akiba ndogo unairudisha hatari kwa yule yule aliyetaka kuikimbia.

Waendesha bodaboda, ambao wengi wao ni vijana, wako mbali zaidi na kinga hiyo. Pikipiki nyingi zina bima ndogo tu, ambayo haimfidii mwendeshaji mwenyewe wala chombo chake. Kijana anayeendesha pikipiki ya mtu kwa kupeleka hesabu kila siku anaweza kupoteza mguu na kibarua kwa ajali moja, wakati karatasi ya bima ni halali kabisa.

6. Mwathirika na lugha ya mkataba

Kuna mahali ambapo sheria hairuhusu umri wa dereva utumike kabisa. Kifungu cha 148 cha Sheria ya Barabarani ya Uingereza ya mwaka 1988, na kifungu cha 16 cha Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, vinatamka kuwa sharti la mkataba linalobana bima kwa kigezo cha umri wa dereva halina nguvu dhidi ya mtu wa tatu aliyedhurika. Kampuni humlipa mwathirika, kisha inaweza kumdai mwenye bima fedha hizo. Kanuni hiyo ni ya busara kwa sababu aliyegongwa hakumchagua dereva. Hata hivyo, inathibitisha hoja ya makala haya: mzigo uliomwepuka mwathirika unaweza kumrudia mwenye gari.

Jambo hili linafanya lugha ya mkataba kuwa suala la haki. Mikataba mingi ya bima nchini imeandikwa kwa Kiingereza, na kipengele cha mchango wa hasara huwa ndani kabisa, mbali na ukurasa unaotaja ada. Mzazi anayemwachia mwanawe gari, au mwajiri anayemkabidhi funguo dereva mpya, anafanya uamuzi wa kifedha bila kujua bei yake. Mkataba wa bima humtaka mwenye bima aseme kweli yote kuhusu madereva wa gari lake. Ni vigumu kudai uwazi huo kwa upande mmoja tu.

7. Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa dereva kijana ana gharama halisi, inayotokana zaidi na ugeni barabarani kuliko umri peke yake, na kwamba kila mfumo huchagua wa kuibeba. Uingereza inamtwisha kijana mapema. Hawaii inawagawia wote. Bima kubwa nchini Tanzania inaweza kumsubiri kijana baada ya ajali. Hakuna mfumo kati ya hiyo ulio wa bure.

Kutokana na uchambuzi huu, mapendekezo mawili yanatolewa. Kwanza, mchango wa hasara wa kijana na wa mwenye leseni changa uandikwe kwa Kiswahili, kwa shilingi au kwa asilimia, kando ya ada katika ukurasa wa kwanza. Pili, kipimo kiwe muda wa kuendesha badala ya tarehe ya kuzaliwa, na mchango wa ziada upungue kila mwaka unaopita bila dai. Mabadiliko hayo hayatapunguza idadi ya ajali. Yatamwezesha mzazi, mwajiri na kijana mwenyewe kujua kabla gari halijawashwa ni nani atalipa, na kiasi gani.