Punda akilowa, usimtandike kwa haraka

Msimu mmoja wa mvua alikuja kwangu kijana anayeuza maji kwa mkokoteni wa punda. Alikuwa na madoa ya mviringo yenye kuwasha mikononi na shingoni. Ulikuwa ugonjwa wa choa, ambao wengi huuita mashilingi. Nilipomwuliza habari za kazi yake, akaniambia kwamba punda wake pia alikuwa amenyonyoka manyoya pale mkanda unapopita. Akiwa mlangoni aliniuliza: “Lakini daktari, punda akinyeshewa usiku kucha, asubuhi nifanyeje? Nikingoja akauke, wateja watanunua kwa mwingine.”

Mimi ni daktari wa watu, si wa mifugo. Hata hivyo swali lake linatuhusu sisi wa mjini tunaoletewa maji hayo, na vilevile wazazi wanaowapeleka watoto wao kupanda farasi siku za mapumziko.

Kulowa peke yake hakumdhuru mnyama. Madhara huja pale maji yanapokutana na msuguano, uzito na uchafu. Tazama vidole vyako baada ya kufua nguo kwa saa nzima: ngozi hulainika, ikakunjamana, na ukiikwaruza kidogo inachubuka. Ngozi ya punda nayo hulainika hivyo hivyo. Ukiweka juu yake gunia lililoloa, lenye mchanga na chumvi ya jasho la jana, kila hatua inakuwa kama kusugua kwa msasa. Afadhali hata gunia; wengine hufunga kwa kamba ya nailoni, ambayo hukata ngozi laini upesi sana.

Kisha kuna uzito. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji. Mitungi kumi ni kilo 200, bila kuhesabu mkokoteni wenyewe, na nguvu ya kuvuta yote hayo hupita kwenye mkanda wa kifuani. Farasi aliyenyeshewa kidogo, akapanguswa na kuwekewa kitambaa kikavu chini ya tandiko, anaweza kupandwa kwa mwendo wa pole bila madhara, mradi mpandaji akumbuke kwamba tandiko lililoloa huteleza. Punda wa mkokoteni hana bahati hiyo. Asili yake ni nchi kame, na manyoya yake hayazuii maji vizuri kama ya farasi. Mvua humfikia ngozini upesi.

Unyevu pia huamsha vijidudu. Kuna bakteria mmoja aitwaye Dermatophilus congolensis, aliyeelezwa mara ya kwanza mwaka 1915 huko Kongo ya Wabelgiji, kwa ng’ombe. Hukaa kimya ngozini mpaka ilowe na kuchubuka, ndipo huenea na kufanya magamba yanayong’oka pamoja na kishungi cha manyoya, kama brashi ndogo ya rangi. Mnyama mwenye magamba hayo asitandikwe hata akiwa mkavu. Binadamu huambukizwa mara chache. Choa ndicho kinachoambukiza watu kwa urahisi, kupitia kumshika mnyama au kutumia matandiko na brashi zake.

Ninalolihofia zaidi ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na katika kinyesi cha farasi na punda, na huingia kwa jeraha dogo tu: msumari wa mkokoteni, au mchubuko wa kamba kiganjani. Dalili ya kwanza mara nyingi ni taya kukaza, siku 3 hadi 21 baada ya kuumia, na mgonjwa huweza kufa. Watoto wetu huchanjwa kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini kinga hiyo hupungua. Mtu mzima afanyaye kazi na wanyama hawa apate chanjo ya kuongeza nguvu kila miaka 10. Ukiumia kwa kitu kichafu na imepita miaka 5, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Punda naye ana chanjo yake. Mwulize daktari wa mifugo.

Sasa, asubuhi ya mvua. Pangusa maji kwa kiganja au kitambaa, kufuata manyoya, hasa mgongoni, kifuani na chini ya tumbo. Sugua kwa gunia kavu. Toa matope yote pale mikanda inapokaa. Weka kitambaa kikavu cha pamba. Kwa hiyo uwe na viwili, kimoja kikianikwa. Safari ya kwanza punguza mitungi. Ukiona kidonda, kioshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, wala usipake oili chafu ya gari kama nionavyo mara nyingi. Kumfanyisha kazi mnyama mwenye kidonda kiasi cha kutofaa kwa kazi ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

Kijana yule nilimpa dawa ya kupaka kwa wiki nne. Punda alipumzishwa na kutibiwa na daktari wa mifugo, na muda huo wote kijana alivuta mkokoteni mwenyewe, akiwa na mitungi minne tu.