Kijana Akibisha Hodi Usiku, Nani Atamfungulia?

Mwaka 1935, katika mji wa Lincoln huko Uingereza, Chad Varah, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kazi ya uchungaji katika Kanisa la Anglikana, aliitwa kuongoza mazishi. Yalikuwa mazishi yake ya kwanza. Aliyezikwa alikuwa msichana wa miaka 14. Msichana huyo alikuwa ameanza kuona siku zake, wala hapakuwa na mtu aliyepata kumweleza jambo hilo. Akadhani ameshikwa na ugonjwa wa aibu. Akaogopa kuuliza, akajitoa uhai.

Msomaji mpendwa, lifikirie jambo hili. Mtoto yule alikuwa na swali moja, ambalo mama yeyote angeweza kulijibu kabla maji ya chai hayajachemka. Mji ulijaa watu wazima, naye asimpate hata mmoja wa kumwuliza.

Varah hakumsahau. Mwaka 1953 alianzisha huko London huduma iitwayo Samaritans, ili mtu aliyekata tamaa aweze kupiga simu na kusikilizwa. Tarehe 30 Oktoba 1986 mtangazaji Esther Rantzen alianzisha Childline, simu ya watoto wa Uingereza. Usiku wa kwanza tu zilipigwa simu zipatazo 50,000. Huko Australia, mwaka 1998, ilifunguliwa ReachOut, tovuti ya kuwasaidia vijana kwa njia ya intaneti. Na kwetu Tanzania, Kenya na Uganda iko namba 116, ambayo mtoto au mzazi aweza kuipiga bila malipo.

Basi twaweza kusema msaada upo. Lakini msaada kuwapo ni jambo moja, na kijana kuufikia ni jambo jingine. Siku hizi vyama, shule, mashirika na hata parokia hutengeneza tovuti za kuwasaidia vijana. Nia yao ni njema. Ila mara nyingi nyumba hujengwa vizuri, na mlango ukawekwa mahali asipofika yule aliyejengewa.

Binti na simu ya kaka yake

Chukua mfano huu. Ni saa nne usiku. Binti wa miaka 15 ameazima simu ya kaka yake, akasema ataka kutazama matokeo ya mpira. Ndani ya simu kuna bando la shilingi 500, nalo limekwisha kutumika nusu. Kuna mtu mzima anayemsumbua njiani aendapo shule, naye hajui amwambie nani. Shuleni walitajiwa tovuti fulani ya vijana. Anaifungua.

Kwanza anangoja. Picha kubwa ya vijana wanaocheka inashuka polepole, huku bando likiliwa. Picha ikiisha kufunguka, anaona maneno "Dira na Dhamira Yetu". Chini yake kuna salamu za mkurugenzi. Chini yake tena kuna picha za wageni wa heshima kwenye semina. Anashuka, anashuka. Mwishoni anaona neno "Wasiliana nasi", analibonyeza. Inafunguka fomu: andika jina lako kamili, namba ya simu, wilaya, kata, kijiji. Namba ya simu? Simu si yake. Jina lake? Kijiji kizima kinamjua.

Mara kaka anakohoa mlangoni. Binti anaifunga simu kwa haraka, anairudisha.

Waliotengeneza tovuti ile hawatajua kamwe kwamba alifika. Tena kesho yake, katika hesabu yao, atahesabiwa kuwa mgeni mmoja aliyetembelea tovuti, nao watafurahi kwamba wageni wanaongezeka. Hilo ndilo jambo la kuhuzunisha. Binti amebisha hodi, hakufunguliwa, na wenye nyumba wanahesabu kwamba amekaribishwa.

Kitanda usichokilalia

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Watu wazima waketio ofisini, wenye meza, kompyuta kubwa na intaneti isiyokatika, hawawezi kuwajua kunguni wa tovuti ile. Anayewajua ni kijana.

Mwaka 2005 mtaalamu Jakob Nielsen na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao kuhusu vijana wa miaka 13 hadi 17. Waliwapa kazi za kufanya katika tovuti mbalimbali, wakawatazama. Wengi wetu hudhani vijana ni hodari wa mitambo kuliko sisi. Haikuwa hivyo. Vijana walifaulu kazi 55 katika kila 100, na watu wazima 66. Sababu zilikuwa tatu: usomaji wao haujakomaa, hawajazoea njia za kutafuta jambo, na subira yao ni fupi. Vidole vyao vyaenda mbio kweli, lakini wakikwama kidogo huondoka.

Basi wenye tovuti wafanye nini? Kabla ya kununua rangi mpya na picha mpya, wawaite vijana. Lakini wasiwakusanye ukumbini na kuwauliza, "Je, mwaipenda tovuti yetu?" Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kuwaambia wakubwa kwamba kazi yao ni mbaya. Atasema, "Ni nzuri sana," atakunywa soda, ataondoka. Heshima yake itaficha ukweli.

Njia iliyo bora ni hii. Mwite kijana mmoja mmoja, kwa ruhusa ya wazazi. Mpe simu ndogo ya kawaida, kama zile za kwao. Usimwulize shida zake mwenyewe, maana hilo si la kuchezea. Mwambie, "Tuseme rafiki yako anapigwa nyumbani. Tafuta hapa mahali pa kumwombea msaada." Kisha nyamaza. Usimwonyeshe, usimsahihishe, usimtetee aliyetengeneza. Tazama kidole chake kinakwenda wapi, kinasita wapi, na wapi anakunja uso. Mwisho mwambie kwamba iliyokuwa ikijaribiwa ni tovuti, si yeye.

Nielsen huyo aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu watosha kuonyesha sehemu kubwa ya makosa. Rekebisha yale yaliyoonekana, kisha waite wengine watano. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Yahitaji unyenyekevu, nao ndio mgumu kupatikana.

Mambo ya kurekebisha

Yaliyompata binti wa mfano wetu yatufundisha mengi.

Kwanza, msaada uwe juu kabisa. Namba ya simu iandikwe kwa tarakimu kubwa, mahali jicho linapoangukia kwanza, na ikibonyezwa ipige yenyewe. Salamu za mkurugenzi zaweza kungoja. Kijana mwenye shida hawezi.

Pili, maneno yawe ya kijana. Yeye hataandika "changamoto za afya ya uzazi kwa vijana balehe". Ataandika, "sijaona siku zangu miezi miwili," au "baba akilewa anatupiga." Maswali yaandikwe vivyo hivyo, na majibu yawe mafupi yenye kueleweka. Tukumbuke usomaji wao ulivyo.

Tatu, tovuti iwe nyepesi. Kila picha kubwa ni senti inayotoka katika bando la maskini. Maandishi matupu hufunguka hata penye mtandao dhaifu.

Nne, herufi zionekane. Herufi za kijivu juu ya weupe hupendeza ofisini, lakini mtu aliye juani, na kioo cha simu kilichopasuka, haoni kitu. Kanuni za kimataifa za mwaka 2008 zataka tofauti kati ya herufi za kawaida na rangi iliyo nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Fundi wa tovuti aweza kuipima kwa dakika chache.

Tano, usimwulize jina mlangoni. Kijana asikilizwe kwanza. Kama ni lazima kumwita, ajichagulie jina lolote. Likija jambo la hatari, mshauri mwenye ujuzi atajua namna ya kuuliza zaidi, na amweleze kijana tangu mwanzo ni wakati gani siri haiwezi kubaki siri, kwa kuwa uhai wake ni kitu cha kwanza.

Sita, kuwe na njia ya kutoka upesi. Tovuti nyingine zina kitufe ambacho ukikibonyeza, ukurasa wa msaada hutoweka na mahali pake hufunguka ukurasa wa kawaida, kama vile habari za hali ya hewa. Serikali ya Uingereza imetoa kielelezo cha kitufe hicho kwa tovuti zake. Lakini kijana aambiwe ukweli: kitufe hicho hakifuti kumbukumbu ndani ya simu. Afundishwe namna ya kuifuta, hasa kama simu ni ya mwingine.

Saba, umri usichanganywe. Nielsen aliona kwamba vijana huchukizwa wakiitwa watoto wadogo. Huko Australia iko huduma iitwayo Kids Helpline, iliyoanzishwa mwaka 1991 na shirika lililotokana na kazi ya Mabruda wa De La Salle. Huduma hiyo huwasaidia wenye miaka 5 hadi 25, na tovuti yake imewatengea wadogo mahali pao, vijana pao, na wazazi pao. Kila mmoja huingia kwa mlango wake.

Nane, msiahidi msichoweza. Kama washauri hufunga kazi saa kumi na moja jioni, semeni hivyo waziwazi, na onyesheni namba ya kupiga usiku. Kama jibu la barua huchukua siku tatu, semeni siku tatu. Kijana aliyekaa macho usiku kucha akingoja jibu lisilokuja hatabisha hodi mara ya pili.

Na wewe mzazi?

Huenda wewe unayesoma umekwisha kusema moyoni, "Haya ni ya wataalamu wa mjini. Mimi nina jembe na ng'ombe wawili." Ngoja kidogo, ndugu yangu.

Kwanza, una haki ya kusema. Kama shule au parokia yenu ina tovuti ya vijana, uliza katika mkutano: je, vijana wetu wameijaribu? Wakubwa wakijibu kwamba wageni wengi huitembelea, uliza tena: wangapi walipata walichokitafuta? Kuuliza si ujinga.

Pili, baadhi ya wazazi huogopa tovuti za namna hii, wakidhani zitawafundisha watoto siri na ukaidi. Hofu hiyo yafahamika, maana katika intaneti mna mabaya mengi. Yafaa uifungue mwenyewe, au ufunguliwe na mwanao, muisome pamoja. Ile iliyo njema haitakuficha ni nani wanaoiendesha, na itamhimiza kijana azungumze na mtu mzima anayemwamini. Ukiona haisemi ni ya nani, au yamtaka mtoto atume picha yake, hiyo iache, na mkataze mwanao.

Tatu, ambalo ni kubwa kuliko yote, nyumba yako nayo ina mlango. Mtoto akitaka kukuambia neno, lazima apite wapi kwanza? Pengine hukuta kwanza hasira, halafu mahubiri, halafu maswali kumi ya "ulikuwa wapi, ulikuwa na nani", ndipo afikie sikio lako. Hiyo ni fomu ndefu kama ile ya tovuti. Wengi huishia katikati, wakasema, "Hapana kitu, mama." Nawe ukahesabu kwamba umezungumza na mwanao.

Basi jaribu leo. Mkiwa mnachambua mboga au mnarudi kisimani, mwulize neno moja, kisha nyamaza kama yule anayeijaribu tovuti. Usimmalizie maneno. Usishtuke usoni hata kama moyo umeshtuka. Na mabinti wanaokaribia umri wa kuona siku zao waelezwe mapema, na mama, shangazi au bibi, wasije wakadhani ni ugonjwa. Wavulana nao waelezwe mabadiliko ya miili yao. Wao pia wana hofu, ila huificha kwa kelele.

Tena, tafuta kipande cha mkaa au kalamu, uandike 116 mahali ambapo kila mtoto wa nyumba hiyo atapaona: nyuma ya mlango, au kwenye kalenda ukutani. Waambie ni namba ya nini, na kwamba hutawaadhibu wakiipiga. Huenda isipigwe kamwe. Lakini kijana atakayeamka usiku na mzigo wake, asiweze kukuamsha wewe, atajua kwamba uko mlango mwingine, na kwamba wewe mwenyewe ndiwe uliyemwonyesha.