Riwaya zipi umezisoma kweli? Tuhesabiane hapa Isingiro

Leo tuweke pembeni siasa na bei ya kahawa, tuongelee vitabu.

Kuna ule mchezo unaozunguka intaneti miaka nenda miaka rudi. Unapewa orodha ya vitabu 100, unaweka alama kwenye ulivyosoma, unawarushia wenzako nao wahesabu. Juu yake kumeandikwa eti BBC wanaamini watu wengi wamesoma 6 tu. Walichofanya BBC mwaka 2003 ni kuwauliza Waingereza riwaya wanayoipenda kuliko zote, wakazipanga 100 za juu, na ya kwanza ikawa The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien. Hilo la vitabu 6 watu walilibandika baadaye huko huko mtandaoni, na orodha nyingi zinazozunguka si hata ile ya 2003.

Nimeucheza. Nimepata 2. Animal Farm, ambayo niliisoma kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, Shamba la Wanyama, na Treasure Island, ambayo wazee wetu waliisoma kama Kisiwa chenye Hazina. Chinua Achebe hayumo kwenye hizo 100. Ngũgĩ wa Thiong'o hayumo. Mwingereza akiulizwa anachokipenda akataja cha kwao, hana kosa. Kinachonikera ni kijana wa huku Kyerwa anajipima kwa orodha hiyo, anapata 1 au 0, halafu anajiita mbumbumbu.

Basi tujipime kwa za kwetu. Isingiro ninayoisema ni ya Tanzania, wilaya ya Kyerwa, tuliyokuwa nayo ndani ya Karagwe hadi mgawanyo wa 2012. Siyo ile ya ng'ambo ya Mto Kagera kwa Waganda.

Kwanza tuelewane neno lenyewe. Hapa kwetu mtu akikwambia "hiyo nimeisoma" anaweza kuwa na maana kadhaa. Huenda ameanza ukurasa wa kwanza akafika wa mwisho. Huenda amesoma uchambuzi, kile kijitabu cha fotokopi cha stationari. Huenda kasimuliwa na kaka yake wakati wa kuchambua kahawa. Huenda pia anayo softkopi kwenye simu, aliyorushiwa na mtu, hajawahi hata kuifungua. Sisemi hizo nyingine ni bure. Kusimuliwa hasa nakuheshimu sana, maana sisi ni watu wa kusimuliana. Ila kwenye hesabu hii kunahesabika kule kwa kwanza tu.

Ukihesabu hivyo unaanza kuona nani aliyetupangia tupende nini.

Muulize kijana yeyote aliyemaliza sekondari ya kata akutajie riwaya tatu za Kiswahili. Nitashangaa asipotaja Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo na Joka la Mdimu ya Abdallah Safari. Si kwamba nchi nzima tulipiga kura. Ni kwamba kwa miaka mingi hizo tatu ndizo zilizochapwa kwenye orodha ya vitabu ndani ya karatasi ya Kiswahili ya Kidato cha Nne. Ukiendelea Kidato cha Tano na cha Sita unakutana na Kufikirika ya Shaaban Robert, Usiku Utakapokwisha ya Mbunda Msokile, Vuta N'kuvute ya Adam Shafi na Mfadhili ya Hussein Tuwa. Baraza la Mitihani likiitaja riwaya, inajulikana kuanzia Murongo hadi Mtwara. Lisipoitaja, inabaki kwa wapenzi wachache.

Sasa swali la mtihani lina umbo lake. Utaambiwa utumie riwaya mbili ulizosoma, utoe hoja tatu kutoka kila moja. Kijitabu cha uchambuzi kimetengenezwa kutoshea hapo hapo kama kifuniko na chupa: dhamira, ujumbe, falsafa, wahusika, mandhari, kila kimoja kina vistari vyake vya kukariri. Kitabu chenyewe darasani ziko kopi chache, zinagombaniwa. Kijitabu ni cha bei ndogo na unakimaliza jioni moja. Mwanafunzi anayechagua kijitabu si mvivu, amepiga hesabu tu, na mtihani umemkubalia. Wapo waliopata A ya Kiswahili bila kuijua rangi ya jalada la Takadini.

Hebu tuichukue hiyo hiyo Takadini nikuonyeshe kinachopotea. Kwenye uchambuzi utakuta mstari: "Mila potofu. Jamii iliamini mtoto mwenye ualbino ni laana." Unakariri, unapata alama zako, unaenda zako. Kwenye kitabu kuna mwanamke anaitwa Sekai. Amekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, anasemwa, wake wenzake wanazaa. Mwishoni anapata wa kwake, na mtoto anazaliwa na ngozi nyeupe. Wazee wanasema auawe, ndiyo desturi. Sekai anambeba anatoroka naye, akiacha mume, nyumba na kila alichonacho. Anafika kijiji cha watu asiowajua, mzee Chivero anamhifadhi, na huko nako wapo wazazi wanaowakataza watoto wao wasicheze na mwanawe. Mzee yule yule anakuja kumfundisha kijana kupiga mbira. Ukisoma vile vistari unajua kwamba mila ni mbaya. Ukisoma kitabu unatembea na huyo mama, na unaanza kujiuliza kama wewe ungekuwa Chivero au ungekuwa wale wanaoita watoto warudi ndani.

Na hili si la Zimbabwe wala la zamani. Mwezi Mei 2024, hapa hapa mkoani Kagera, wilayani Muleba, mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino alitekwa nyumbani kwao. Juni mwili wake ukapatikana, viungo vimeondolewa. Tangu karibu 2007 kanda yetu ya ziwa imekuwa ikisikia habari za namna hii, na miaka yote hiyo kuna vijana wa kanda hii hii wamekuwa wakiandika "mila potofu" kwenye karatasi ya mtihani na kupewa vema. Sisemi riwaya ingemzuia muuaji. Nasema tulikuwa na kitabu kinachotuhusu kuliko sheria yoyote, kikagawiwa nchi nzima, halafu tukakisoma kwa muhtasari. Hiyo inaniuma.

Tuhame shuleni, maana kuna riwaya ambazo hakuna aliyetulazimisha.

Hapa bingwa ni Elvis Musiba na Willy Gamba wake. Kufa na Kupona ilitoka 1974: nyaraka za siri za harakati za ukombozi zinapotea, na mpelelezi wa Tanzania anatumwa Nairobi kuzisaka. Kikosi cha Kisasi (1979) ikampeleka Kinshasa. Vitabu hivi huku havikuja na duka. Vilikuja na dereva wa lori, na mwalimu aliyehamishwa kutoka Mwanza, na mwanajeshi wa likizo. Vikapita mikono mpaka jalada likatoka, kwa hiyo unamkuta mtu anamjua Willy Gamba kama mjomba wake lakini jina la mwandishi halijui. Kurasa za mwisho ndizo huchakaa mapema. Mwisho wa Kikosi cha Kisasi nilisimuliwa na fundi baiskeli, na nilipokuja kuupata wenyewe, niseme ukweli, ule wa fundi ulikuwa na risasi nyingi zaidi.

Ben Mtobwa, mtu wa Kigoma aliyefariki 2008, naye alikuwa na Joram Kiango. Tutarudi na Roho Zetu? nimeisoma mpaka mwisho, na Dar es Salaam Usiku pia, ambayo ilinifanya niliogope jiji kabla sijalifika. Halafu kuna Eric Shigongo na hadithi zake za kwenye magazeti pendwa, zile zinazokatwa patamu na kuandikwa "itaendelea". Gazeti likifika huku limechelewa siku mbili au halikufika kabisa, basi ile sehemu umeikosa, unaulizia kwa kila aliyetoka Kayanga. Maprofesa huwa hawaziweki hizi kwenye orodha zao. Mimi naziweka, kwa sababu niliwaona watu wazima wakizingoja.

Ila kama ni kuchagua moja ya kumpa binti wa sekondari anayeishi geto kwa kupanga, chakula anajitafutia na bodaboda anamsubiri barabarani, nampa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ilitoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, baadaye ikaruhusiwa na ikafundishwa. Ukiisoma unaelewa walioogopa waliogopa nini. Rosa ni msichana wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi na mkali, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana, anamlea kwa hofu tupu. Rosa akitoka nyumbani na kwenda shule ya mbali, hofu ile haimsaidii kitu, maana hajawahi kufundishwa kusema hapana wala ndiyo kwa akili yake mwenyewe. Kinachofuata sikumalizii. Kumbuka tu kwamba hadi Novemba 2021 ndipo serikali iliporuhusu wasichana walioacha shule kwa ujauzito warudi kwenye shule za kawaida. Miaka 50 kamili baada ya kitabu. Wazazi nao wakisome, hasa akina baba wenye mkono mwepesi.

Ukerewe wametuzidi kete, tukubali. Kisiwa kimoja kimetoa Kezilahabi, Gabriel Ruhumbika na mzee Aniceti Kitereza. Huyu Kitereza alisoma seminari ya Rubya, huku huku Kagera, na mwaka 1945 akamaliza riwaya nene kwa Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakuna aliyekubali kuichapa kwa lugha hiyo. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, akasubiri. Ilichapwa na jina la mwaka 1980, nakala zikachelewa, na mzee akafariki 1981 bila kukishika kitabu chake.

Nakipendekeza kwa Mnyambo kwa sababu ya pekee: Kikerewe na Kinyambo ni ndugu, na maisha ya mle ndani unayajua. Mke amerudishwa kwao kwa maneno ya ndugu wa mume kwamba hazai. Mume anaenda kwa wakwe kuomba msamaha, anapigwa faini ya pombe ya ndizi, na mwandishi hana haraka: anakueleza pombe yenyewe inavyotengenezwa mpaka unaisikia harufu. Mtu wa Dar atazirusha kurasa hizo. Sisi tuliokunywa rubisi kwa babu tunazisoma tukibishana naye kama kapatia.

Abdulrazak Gurnah alipopata Nobeli mwaka 2021 tulishangilia wote, na siku hiyo aliyewahi kumsoma sikumpata hata mmoja hapa. Tangu 2022 hakuna kisingizio cha Kiingereza, maana Paradise yake imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi. Ni kijana Yusuf, anayetolewa na baba yake kwa tajiri ili kulipia deni, kisha anasafiri na msafara wa biashara hadi bara ya mbali. Misafara ya namna ile ilifika hadi Karagwe enzi za Mukama Rumanyika, Waarabu wakawa na kituo chao Kafuro, na Speke akapita 1861. Nikisoma Peponi huwa nawaza upande wa pili: hao wenyeji wanaouangalia msafara ukiingia, ndio akina babu zetu.

Hesabu yangu basi, zile nilizofika mwisho tu, za Kiswahili: zote tatu za Kidato cha Nne, Kufikirika, Vuta N'kuvute, Rosa Mistika, Kichwamaji, Musiba wawili, Mtobwa wawili, Myombekere na Peponi. Jumla 13. Nagona ya Kezilahabi nimeishia katikati mara mbili, japo ni kitabu chembamba, kwa hiyo siihesabu. Vuta N'kuvute nimeiona na filamu yake ya 2021. Filamu nzuri, ila haihesabiki.

Zamu yako. Kama uko kafe na dakika zinahesabiwa, taja majina tu, na uweke zile ulizofika mwisho. Na kama kuna mtu huko Nkwenda au Kaisho ana Dunia Uwanja wa Fujo yenye kurasa zote, aseme, ninayo Dar es Salaam Usiku ya kubadilishana. Jalada halina, mwisho upo.